Mwaka mmoja wa kusoma Kichina nchini China: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa lugha wa chuo kikuu

Kila mwaka ikifika Aprili napokea ujumbe wa namna moja. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ana cheti chake cha HSK, mtihani wa kupima Kichina cha wageni, na walimu wanamsifu, ila safari imekwama. Mmoja herufi moja ya jina haikulingana, mwingine fomu ya afya haikugongwa muhuri, mwingine tarehe ilimpita kwa siku tatu.

Wapo na wengine, na hawa huniuma zaidi. Walifika China, wakakaa miezi kumi, wakarudi na Kichina kilekile walichoondoka nacho.

Nimewaandikia wote. Mwongozo huu unafuata njia moja tu: mwaka mmoja wa masomo ya lugha kwa Ufadhili wa Walimu wa Kimataifa wa Kichina, ambao wengi bado tunauita ufadhili wa Confucius. Ndiyo njia inayowafaa zaidi wanafunzi wanaosomea Kichina kwenye Taasisi za Confucius za hapa kwetu, kama zile za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi na Kenyatta.

Ufadhili huu unalipa ada, malazi ya bwenini, bima ya afya na posho ya yuan 2,500 kwa mwezi. Tiketi ya ndege ni juu yako. Mwambie mzazi hilo mapema, asije akalisikia Agosti.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Pasipoti ambayo muda wake utavuka tarehe yako ya kurudi kwa miezi 6 au zaidi
- Cheti cha kuzaliwa na vyeti vya sekondari
- Matokeo ya chuo yenye muhuri, pamoja na tafsiri ya Kiingereza au Kichina kama hayako katika lugha hizo
- Cheti cha HSK ngazi ya 3 au zaidi, na cha HSKK, ambao ni mtihani wa kuzungumza
- Barua ya mapendekezo kutoka Taasisi ya Confucius au kituo chako cha mtihani
- Fomu ya uchunguzi wa afya kwa wageni
- Cheti cha polisi cha kutokuwa na kosa la jinai, chuo kikikidai
- Picha za pasipoti zenye mandhari nyeupe, angalau 12
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano
- Akiba ya kuishi miezi miwili bila posho

Kila karatasi ichanganue iwe PDF, kisha uzihifadhi mahali pawili tofauti. Simu huibiwa.

## Hatua ya 1: Panga tarehe kwa kurudi nyuma

Wengi hupanga kuanzia leo kwenda mbele, na hapo ndipo wanapokwama. Anza na siku ya kuondoka, mwishoni mwa Agosti, kisha urudi nyuma.

Julai na Agosti ni za viza. Juni na Julai ni za kusubiri barua ya kudahiliwa. Maombi ya wanaoanza Septemba, kwa miaka ya karibuni, yamekuwa yakifunguliwa Machi na kufungwa katikati ya Mei. Kwa hiyo cheti cha HSK kiwe mkononi kufikia Machi. Majibu ya mtihani wa karatasi huchukua kama mwezi mmoja, kwa hiyo mtihani wenyewe uwe umeufanya kufikia Januari au mwanzoni mwa Februari.

Sasa angalia kalenda. Januari inaangukia karibu na mitihani ya semista ya kwanza. Ndiyo maana nasema mwaka wa pili uanze na mpango huu Oktoba, mara tu chuo kinapofunguliwa.

Onyo: tarehe ya mwisho kwenye mtandao wa ufadhili si tarehe yako ya mwisho. Chuo cha China huweka yake, na taasisi inayokuandikia barua huweka yake, mara nyingi mapema zaidi. Fuata iliyo ya mapema kuliko zote.

## Hatua ya 2: Majina yalingane, herufi kwa herufi

Hili lilininyima mimi mwaka mzima. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili, cha kidato cha nne matatu, na pasipoti ikawa na jina la babu lililoandikwa kwa herufi tofauti. Sikuwa nimeghushi chochote, lakini mtu anayepitia mafaili mia nne huko ng'ambo hana njia ya kujua kwamba Mohamed, Mohammed na Muhammad ni kijana mmoja.

Chukua karatasi tupu. Andika jina lako kama lilivyo kwenye kila hati, moja chini ya nyingine, kwa herufi kubwa. Tofauti utaiona mara moja.

Kama herufi zimetofautiana, nenda kwa wakili ukale kiapo cha kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Kama tofauti ni kubwa, yaani jina zima limebadilika, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo huchukua wiki kadhaa. Ukishamaliza, pasipoti ndiyo bwana: kila fomu ya China ijaze kama pasipoti ilivyoandika, kwa mpangilio uleule wa jina la ukoo na majina ya kwanza. Jina hilohilo ndilo litakalokuwa kwenye akaunti ya benki, laini ya simu na tiketi ya treni.

Hatua hii imekamilika pale mtu asiyekujua anapoweza kushika hati zako zote na asiwe na swali.

## Hatua ya 3: Fanya HSK kwa alama ya ushindani

Kwa mwaka mmoja wa masomo ya lugha, kigezo kimekuwa HSK ngazi ya 3 yenye alama 210 kati ya 300. Kufaulu mtihani ni 180. Hizo alama 30 za kati ndizo zinazowaangusha wengi: anaona neno "amefaulu", anafurahi, anaomba, anakataliwa.

Mtihani una kusikiliza, kusoma na kuandika, alama 100 kila sehemu. Vijana wetu hupoteza alama nyingi kwenye kuandika kwa sababu wamezoea kuandika kwa simu, ambako kibodi inawachagulia herufi. Andika kwa kalamu kila siku, hata herufi 15 tu, ukifuata mpangilio sahihi wa mistari.

HSKK hufanywa peke yake, na kufaulu ni 60 kati ya 100. Usiiahirishe. Matokeo ya HSK hutumika kwa miaka miwili kwa ajili ya kudahiliwa, kwa hiyo cheti cha kale kiangalie tarehe.

## Hatua ya 4: Omba, na uandike mpango wa masomo unaoeleweka

Fungua akaunti kwenye mtandao wa ufadhili, chagua chuo, pakia hati. Ukiweza, chagua chuo ambacho taasisi yako inashirikiana nacho. Taasisi ya Dar es Salaam inashirikiana na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang, kilichoko Jinhua. Ya Nairobi, iliyofunguliwa 2005, inashirikiana na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin, na ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Shandong. Huko wanawajua walimu wako, na barua yao ina uzito.

Fikiria pia baridi. Miji ya kaskazini kama Tianjin ina mfumo wa kupasha joto majengo kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi. Jinhua iko kusini, mfumo huo haupo, na Januari ndani ya chumba utavaa koti. Watu husikia "kusini" wakadhani ni joto.

Mpango wa masomo usiujaze sifa za China. Msomaji anazijua. Mweleze unasoma nini kwenu, nini kinakushinda katika Kichina chako sasa hivi, na utakitumiaje ukirudi. "Nataka kufundisha Kichina sekondari na sarufi ya neno dogo *le* bado inanisumbua" ni sentensi yenye nguvu kuliko ukurasa mzima wa salamu.

## Hatua ya 5: Ruhusa ya chuo chako, kwa maandishi

Ondoka bila hii na utakuta umefutwa, au umedisko, yaani umeondolewa masomoni, kwa kutofanya mitihani.

Mwone mratibu wa idara na umuulize mambo mawili. Mwaka huu utahesabiwa kama kuahirisha masomo, au kama sehemu ya shahada? Kama ni sehemu ya shahada, ni kozi zipi za China zitalinganishwa na zipi za hapa? Majibu yote yawe kwenye barua yenye kumbukumbu namba na muhuri.

Mwenye mkopo wa bodi ya mikopo, HESLB ya Tanzania au HELB ya Kenya, aijulishe bodi kabla ya kuondoka. Bumu, yaani fedha za mkopo, likiendelea kuingia wakati husomi, ni deni utakalokuja kulielezea.

## Hatua ya 6: Fomu ya afya

Fomu hii ina kurasa mbili na imerudisha nyuma watu wengi kuliko mtihani wa HSK. Inataka picha ya kifua ya eksirei, kipimo cha moyo, na vipimo vya damu vikiwemo vya VVU na kaswende.

Muda wake ni miezi 6. Ukipima Januari, mwishoni mwa Julai imekwisha, na wewe unaingia China Septemba. Kama chuo hakikuidai pamoja na maombi, pima Aprili au baadaye.

Nenda hospitali kubwa ya serikali, kisha usimame pale kaunta na ukague haya kabla hujaondoka:

- Hakuna kisanduku kilichoachwa wazi. Kama huna ugonjwa, paandikwe "hapana". Mstari mtupu hauhesabiki.
- Picha yako imebandikwa, na muhuri wa hospitali umekanyaga ukingo wake, nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi.
- Daktari ameweka saini na tarehe.
- Umepewa majibu halisi ya damu na ripoti ya eksirei, maana utayabeba pamoja na fomu.

Daktari wa zamu anaweza kukwambia muhuri wa chini unatosha. Mwombe kwa adabu agonge tena juu ya picha. Hautoshi.

## Hatua ya 7: Viza

Chuo kikikukubali kitakutumia barua ya kudahiliwa na fomu ya JW201 au JW202, ambayo ni ya kuombea viza ya masomo. Peleka vyote ubalozini pamoja na pasipoti. Kwa masomo yanayozidi siku 180, viza yako ni X1. X2 ni ya muda mfupi zaidi. Ukipewa X2 kwa masomo ya mwaka, sema palepale.

Usishtuke ukiona kwenye X1 siku za kukaa zimeandikwa 000. Maana yake ni kwamba viza hiyo ni ya kuingilia tu. Ukishaingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi.

Barua ya kudahiliwa, JW, fomu ya afya na picha zibaki kwenye begi la mkononi. Begi la chini likipotea utapata nguo nyingine, lakini bila karatasi hizo kibali chako hakiendi popote.

Kabla hujaondoka fungua akaunti ya WeChat, ya kuwasiliana, na Alipay, ya kulipia, na umfungulie WeChat mama yako pia. WhatsApp, Google na Facebook zimefungwa huko. Akaunti mpya ya WeChat mara nyingi hutaka kuthibitishwa na mtu mwenye akaunti ya siku nyingi, na mtu huyo ni rahisi kumpata ukiwa bado hapa chuoni. Nimeona mzazi akilia siku tatu kwa sababu mwanawe alitua Beijing akawa kimya.

## Hatua ya 8: Siku 30 za kwanza

Fanya kwa mpangilio huu.

Kwanza, ndani ya saa 24 baada ya kufika, makazi yako yaandikishwe polisi. Ukiingia bweni la chuo, ofisi ya bweni kwa kawaida hukufanyia. Uliza na uombe karatasi. Ukilala kwa rafiki, mnakwenda wenyewe. Faini ya kupuuza inafika yuan 2,000.

Pili, jisajili chuoni, kisha ukahakikiwe afya. Wengine hupimwa upya.

Tatu, laini ya simu, halafu benki, kwa sababu benki itadai namba ya China.

Nne, kibali cha ukaazi. Ada ni yuan 400 kwa kibali cha chini ya mwaka mmoja na 800 kwa cha mwaka mmoja hadi mitatu. Pasipoti itakaa kwao siku kadhaa, kwa hiyo usipange safari. Ukipitisha muda, faini ni yuan 500 kwa siku hadi kufikia 10,000.

Posho haiingii siku unayotua. Hapo ndipo ile akiba ya miezi miwili inapofanya kazi.

Na hili nalisema kwa uzito: utapata mtu wa kukupa kazi ya kufundisha Kiingereza watoto jioni. Bila kibali ni kosa. Faini yake ni yuan 5,000 hadi 20,000, na unaweza kuwekwa ndani na kurudishwa nyumbani. Hakuna saa za kufundisha zinazolipa hasara hiyo.

Kwa Waislamu: tafuta mkahawa ulioandikwa 清真, *qīngzhēn*, yaani halali. Vyuo vingi vina mmoja, na vibanda vya tambi za Lanzhou vipo karibu kila mji.

## Hatua ya 9: Jaribio la kupangiwa darasa

Wiki ya kwanza utafanya jaribio. Wengine hujifanya wajinga ili wapate darasa rahisi, wengine hukariri ili wapande juu. Wote hujuta.

Darasa linalokufaa ni lile ambalo unaelewa kama robo tatu ya maneno ya mwalimu. Ukielewa yote, mwombe *lǎoshī* (mwalimu) akupandishe ndani ya wiki mbili, kabla orodha hazijafungwa. Ukielewa nusu, shuka bila aibu.

## Hatua ya 10: Mchana ni wako, na mwaka mzima uko humo

Masomo ya lugha huwa asubuhi, saa mbili hadi saa sita. Baada ya hapo hakuna anayekudai kitu. Bweni la wageni mara nyingi limetengwa na la Wachina, na ghorofa yako itajaa Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi. Chakula ni cha pamoja, Kiswahili kinatiririka, na ugali mtaupata. Ni faraja ya kweli, na sikuambii uikimbie, hasa mwezi wa kwanza. Lakini kaa humo kila mchana na utarudi na yale maneno 600 uliyokwenda nayo.

Hesabu ni nyepesi. Kwa mfumo wa ngazi 6 za HSK, ngazi ya 3 ina maneno 600 na ya 5 ina 2,500. Pengo ni maneno 1,900. Kwa miezi kumi ni kama maneno sita au saba kwa siku. Hayo hayashindi mtu, mradi yapite mdomoni siku hiyohiyo.

Anza na sikio na mdomo. Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaibeba tabia hiyo hadi kwenye Kichina. Huko toni ndiyo neno lenyewe. *Mǎi* ni kununua, *mài* ni kuuza. Ukikosea mbele ya muuza viazi, umemwambia unataka kumuuzia. Mwezi wa kwanza jirekodi dakika tano kila jioni, usikilize sauti yako na ya mwalimu kwa zamu.

Halafu kuna pumzi. *Bā* (nane) ya Kichina si b yetu. Mtu wa Mombasa au Lamu analijua hili tangu utotoni: paa la nyumba na paa wa porini havitamkwi sawa, maana wa porini ana pumzi. *Bā* ni p ya paa la nyumba. *Pā* ni p ya paa wa porini. Vivyo hivyo kwa *d* na *t*, *g* na *k*. Kama wewe ni wa bara, shika kipande cha karatasi mbele ya midomo. Kwa *pā* kitikisike, kwa *bā* kitulie.

Tafuta mwenza wa lugha, *yǔbàn*. Wanafunzi wa Kichina wengi watataka Kiingereza chako, na kwa upole wao mazungumzo yote yatageuka Kiingereza. Weka saa mezani: dakika 30 Kichina, dakika 30 lugha yako, na kengele ikilia mnabadilisha. Ukiwa Beijing una bahati ya pekee, kwa sababu Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing kinafundisha Kiswahili tangu 1961. Kuna vijana pale wanaokihitaji Kiswahili chako kama unavyokihitaji Kichina chao. Hakuna mabadilishano ya haki kuliko hayo.

Chagua meza moja sokoni. Nunua kwa mtu yuleyule kila siku. Wiki ya kwanza atakuonyesha bei kwa vidole. Wiki ya tatu ataanza kukuuliza maswali: umeoa, wazazi wako wapi, kwenu mnakula nini. Mama aliyekuwa akiniuzia mboga alikuwa mwalimu wangu wa pili. Atazungumza lafudhi ya kwao ambayo haimo kwenye kitabu, na siku za mwanzo hutaelewa kitu. Endelea kwenda. Yaliyokupita yaandike kwa sauti ulivyoyasikia, kesho mwulize *lǎoshī*.

Daftari moja, kila usiku. Sentensi tano ulizozisikia kwa mtu, si za kitabuni, kwa herufi za mkono. Programu ya kamusi ya Pleco itakusaidia kukagua toni.

Utajua umefika pale muuza duka anapokujibu kwa kasi yake ya kawaida bila kupunguza mwendo kwa ajili yako. Kwa wengi hilo hutokea karibu na mwezi wa tano, baada ya mwezi wa tatu au wa nne ambapo mtu huhisi amedumaa kabisa. Ukihisi hivyo, usibadilishe mbinu.

## Hatua ya 11: Kabla ya kupanda ndege ya kurudi

Fanya HSK ya 4 au ya 5 ukiwa bado kule, Mei au mapema Juni, ulimi ungali moto. Ukiuacha mtihani hadi urudi, mwezi mmoja wa likizo nyumbani utakula alama.

Chukua matokeo ya mihula yote miwili yenye muhuri mwekundu wa chuo, na cheti cha kumaliza. Omba nakala mbili za kila kimoja, na uhakikishe jina linafanana na la pasipoti. Omba pia karatasi inayoonyesha saa za kila kozi, kwa sababu idara yako itakapolinganisha kozi itauliza saa, na kuipata kwa barua pepe ukiwa tayari umeondoka huchukua miezi.

Linganisha tarehe ya ndege na tarehe ya kibali cha ukaazi. Funga akaunti ya benki baada ya posho ya mwisho kuingia.

Ukitua, peleka nakala kwa mratibu wa idara wiki hiyohiyo, kabla usajili wa semista haujafungwa, na uondoke na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.